Saa Yatima za Kariakoo

Fundi saa wa Kariakoo hapangi fremu. Ana meza yenye kasha la kioo, mwavuli wa kukinga jua, stuli moja ya mteja na lenzi ya kubana jichoni. Ndani ya kasha amepanga mikanda, vioo na betri za kuuza. Chini ya meza, mahali ambapo mteja haoni, kuna kopo. Zamani lilikuwa la maziwa ya unga. Leo limejaa saa zilizokufa. Akilipindua juu ya gazeti zinamwagika akrabu zisizo na saa, saa zisizo na akrabu, kamani zilizolegea, na magurudumu ambayo meno yake ni madogo kuliko punje ya ulezi. Mtu akija na saa ya marehemu baba yake, iliyosimama tangu mwaka wa msiba, fundi haulizi duka la vipuri liko wapi. Anaingiza kibano ndani ya kopo.

Kwa nini kopo, na duka lisiwepo? Jibu linazunguka mbali kabla ya kurudi Mtaa wa Msimbazi. Linapita Geneva na Moscow, Suwa na Shanghai, Mfereji wa Suez, mpaka wa Namanga na Ikulu ya Magogoni.

Wengi hudhani kwamba siasa ikichafuka ughaibuni, saa hutoka kiwandani zikiwa mbovu. Hutokea, lakini mara nyingi madhara makubwa huja baadaye, tena mbali na kiwanda. Saa nzuri hubaki mkononi mwa mtu huku kiwanda chake kimefungwa, mafundi wake wametawanyika, au nchi ya mvaaji yenyewe haina fedha za kigeni za kuagizia gurudumu la senti chache. Saa ya namna hiyo ni yatima. Na historia ya saa katikati ya Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa, ni historia ya yatima hao na walezi wao.

Ndugu wa vita moja

Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na vita. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko katika eneo hilo, lakini Vita Kuu ya Kwanza ikawakuta kabla halijazoeleka. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na pale wakaweka kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps. Ndimi za wenyeji zikalifinyanga jina hilo mpaka likawa Kariakoo. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita ya Afrika Mashariki walikaribia milioni moja, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao.

Vita hiyohiyo ndiyo iliyoitoa saa mfukoni. Kabla ya 1914 mwanamume wa Ulaya alibeba saa yake kwenye mnyororo ndani ya kizibao, na saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Ndani ya handaki mambo yalibadilika. Mizinga ilipigwa kwa kufuata dakika, na askari mwenye bunduki hana mkono wa kupekulia kizibao. Wakazifunga saa mkononi. Vita ilipokwisha, mikanda haikufunguliwa. Soko la Kariakoo na saa ya mkononi, ukitaka kuhesabu nasaba, ni ndugu waliozaliwa na vita moja.

Hata jina la saa linalotajwa kwa heshima kuliko yote mitaani lilipitia moto huohuo. Hans Wilsdorf, Mjerumani kwa kuzaliwa, alianzisha biashara ya saa London mwaka 1905 pamoja na Alfred Davis. Vita ilipoanza, jina la Kijerumani kwenye mlango wa duka London likawa mzigo, na mwaka 1915 kampuni ikaitwa rasmi Rolex. Mwaka huohuo Uingereza ikaweka ushuru wa theluthi moja ya thamani kwa bidhaa za anasa zilizotoka nje, saa zikiwemo. Mwaka 1919 Wilsdorf akahamia Geneva. Leo watu huitaja Rolex kana kwamba ilichimbwa kwenye milima ya Uswisi, kumbe ni mkimbizi wa kodi na wa chuki za vita.

Dar es Salaam nayo ilibadili wenyewe. Mali za Wajerumani zilishikwa na kuuzwa kama mali za adui, na biashara ya rejareja ikazidi kuangukia mikononi mwa Wahindi, ambao walikuwa na njia yao ya Bombay. Njia hiyo ilikuwa imekwisha zoea saa: kampuni ya West End Watch, iliyoanzia Bombay mwaka 1886, ilikuwa ikiuza saa za Uswisi India na Mashariki ya Kati. Aliyekuwa na saa ya Kijerumani Tanganyika baada ya 1918 alibaki na kitu kizuri kisicho na mwenyewe. Kama palikuwa na kopo chini ya meza ya fundi wakati ule, yatima wake wa kwanza walikuwa hao.

Mikono iliyokimbia

Uswisi inasifiwa kwa saa kama Pemba inavyosifiwa kwa karafuu. Lakini mkarafuu haukuota Pemba wenyewe, na ufundi wa saa haukuota Uswisi wenyewe.

Geneva ilikuwa na chama cha mafundi saa tangu 1601. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alifuta amri iliyowapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu. Maelfu wakakimbia, na miongoni mwao walikuwamo mafundi saa ambao zana zao zilitosha kwenye mkoba mmoja. Wengine walikwenda London, wengine Geneva na kwenye mabonde ya milima ya Jura. Ufaransa ilibaki na karakana. Mikono ilikuwa imeondoka. Miaka mia moja baadaye Abraham-Louis Breguet, fundi mkubwa wa zama zake, aliyekuwa akifanya kazi Paris, alikimbilia Uswisi mwaka 1793 wakati mapinduzi ya Ufaransa yakila watu. Alirudi 1795 akiwa na mawazo mapya ya saa ambayo yalimpa jina kubwa zaidi kuliko kabla ya kukimbia.

Hadithi hiyo inajirudia mashariki. Mwaka 1930 Wasovieti walifungua kiwanda cha kwanza cha saa cha Moscow kwa mashine walizonunua Marekani, kutoka kampuni ya Dueber-Hampden ya Canton, Ohio, iliyokuwa imefilisika. Mafundi Wamarekani 21 walisafiri na mashine hizo ili kuwafundisha wenyeji. Wajerumani walipoisogelea Moscow mwaka 1941, viwanda vya saa vilipakiwa kwenye mabehewa: kimoja kikapelekwa Zlatoust, kwenye milima ya Ural, kingine Chistopol. Baadhi ya mashine na mafundi hawakurudi. Kile cha Chistopol ndicho kilichokuja kutoa saa za Vostok, na kile cha kwanza cha Moscow ndicho kilichokuja kutoa saa za Poljot.

Japani nayo ilihamisha kazi kutoka mjini. Hofu ya mabomu iliifanya Seiko ipeleke sehemu ya utengenezaji wake Suwa, mji wa milimani kando ya ziwa. Vita ikaisha, Suwa ikabaki. Hapo ndipo ilipotengenezwa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya betri inayoongozwa na mtetemo wa jiwe, iliyoingia sokoni tarehe 25 Desemba 1969. Glashütte, mji mdogo wa saa wa Ujerumani, ulipigwa mabomu tarehe 8 Mei 1945, siku ya mwisho ya vita Ulaya, kisha Wasovieti wakachukua mashine zilizobaki kama fidia. Mafundi hawakuchukuliwa. Wakaunda mashine nyingine, na saa zikaanza kutoka tena.

Linganisha Ufaransa ya 1685 na Glashütte ya 1945. Mmoja alibaki na mashine akapoteza mikono, mwingine alipokonywa mashine akabaki na mikono. Anayejua saa anajua yupi aliyepata hasara kubwa zaidi. Kiwanda kinaweza kuchomwa na kujengwa upya ndani ya miaka michache. Ujuzi wa kuhisi, kwa ncha ya kibano, kama kamani imekaza kupita kiasi, hurithishwa mkono kwa mkono, na ukikatika hauandikiki kitabuni.

Mnara wa Saa

Tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru, Dar es Salaam ilipewa hadhi ya jiji. Kumbukumbu yake ni ule Mnara wa Saa unaosimama karibu na stesheni ya reli, pale Samora inapoishia. Pwani yetu ilikwisha kuona mnara ukiguswa na siasa: Waingereza walipoipiga Unguja kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, katika vita iliyokwisha kabla ya saa moja kutimia, mnara uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib uliharibika vibaya. Mwaka 1897 mnara mpya wa saa ukajengwa kwenye jumba lenyewe.

Mzungu akiutazama mnara wa Dar es Salaam na kuona akrabu ndogo iko kwenye moja, anasema moja. Sisi tunatazama upande wa pili wa duara na kusema saa saba. Fundi wa Uswisi hakutufikiria alipochora uso wa saa yake, lakini hatukumwomba abadilishe. Tuliigeuza saa ndani ya vichwa vyetu, tukaivaa hivyohivyo.

Miaka ile ya uhuru saa ya mkononi ilikuwa na uzito wa hati. Mwalimu alitambulika kwayo, karani wa bandarini alitambulika kwayo, na picha ya studio haikukamilika mpaka mkono wenye saa uwekwe mbele. Mjini, kwenye mitaa ya Wahindi iliyo kati ya Mnazi Mmoja na bahari, maduka ya sonara na ya saa yalikaa jirani, na ndani yake palikuwa na mafundi waliojifunza kwa baba zao. Saa ikiharibika, kipuri kiliagizwa: kwa wakala wa Nairobi, kwa Bombay, au moja kwa moja Uswisi. Uswisi nayo ilikuwa na sheria iliyoanza 1934, ya kuzuia vipande na mashine za kutengenezea saa visiuzwe nje ovyo, ili jina lao lisichafuliwe na waunganishaji wa mbali. Mlolongo ulikuwa mrefu, lakini ulishikana. Saa iliyofunguliwa Dar es Salaam bado ilikuwa na mama.

Milango miwili ya 1967

Kisha ukaja mwaka 1967, na ndani ya miezi minne milango miwili ikafungwa. Wa kwanza tuliufunga wenyewe. Tarehe 5 Februari Azimio la Arusha lilitangazwa, na siku zilizofuata benki na makampuni makubwa ya kuagiza bidhaa yakataifishwa. Shirika la Biashara la Taifa, ambalo watu waliliita STC tu, likapewa kazi ya kuagiza na kusambaza. Mlango wa pili ulifungwa na wengine: Juni mwaka huo, vita ya Waarabu na Israeli ikaufunga Mfereji wa Suez, na haukufunguliwa mpaka Juni 1975. Kwa miaka minane meli ya kutoka Ulaya kuja Dar es Salaam ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini.

Azimio lilikuwa na hoja nzito, na wengi wa wakati ule waliliunga mkono kwa moyo. Kwa mtu anayeshughulika na saa, hata hivyo, lilileta swali ambalo hakuna aliyelipangia kikao. Shirika la taifa linajua kuagiza sukari, vitambaa na majembe kwa tani. Nani ataagiza kamani kumi na mbili za saa ya wanawake ya Uswisi? Kitu kidogo hivyo hakina sanduku kwenye fomu. Duka la mtu binafsi liliandika barua na kupokea bahasha. Bahasha ilipozuiwa, sheria haikumlenga fundi saa, ila ilimpata.

Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Familia nyingi za Kihindi zilifunga mizigo na kwenda Uingereza na Kanada. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90, na hofu ikavuka mpaka. Ufaransa ya 1685 ilijirudia katikati ya Dar es Salaam kwa kipimo kidogo: zana zilitosha kwenye mkoba, na ujuzi haukuhitaji mkoba. Lakini mikono haikuondoka yote. Vijana wa Kiafrika waliokuwa wakifagia duka na kushika taa wakati fundi akifanya kazi walikuwa wameona mengi. Baadhi yao walitoka barazani, wakaweka meza zao kandokando ya barabara.

Palikuwa na mlango wa tatu uliofunguliwa wakati huohuo, na ulielekea China. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, na sehemu ya gharama za hapa ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina kwenye maduka ya umma. Ndiyo maana kizazi kile kinakumbuka reli pamoja na chupa za chai.

Na China yenyewe ilikuwa katika tufani. Saa ya kwanza ya mkononi ilikuwa imetengenezwa Tianjin mwaka 1955, kisha Shanghai ikafuata. Mapinduzi ya Utamaduni yalipolipuka 1966, wasomi walidhalilishwa na viwanda vikajaa mikutano. Ungetegemea ufundi wa saa ufe. Badala yake serikali iliagiza viwanda vishirikiane kubuni mashine moja ya saa, ya vito 17, itengenezwe na viwanda vya nchi nzima kwa vipimo vilevile. Saa ilikuwa mojawapo ya vitu ambavyo kijana wa China alitakiwa awe navyo kabla ya kuposa, pamoja na baiskeli, cherehani na redio, na nchi haikuwa nazo za kutosha. Mashine ile ya pamoja haikuwa na urembo. Ilikuwa na sifa moja ambayo mfalme wa saa wa Geneva hakuijali: gurudumu la kiwanda kimoja liliingia kwenye saa ya kiwanda kingine. Kwa lugha ya kopo, ilizaliwa ikiwa na ndugu wengi. Yatima wa ukoo mkubwa halali njaa.

Funga mkanda

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka na Kenya ulifungwa. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Wakala wa Nairobi, ambaye miaka yote alikuwa umbali wa basi la usiku, akawa mbali kuliko Bombay. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Tulishinda, na ushindi uligharimu takriban dola milioni 500. Bei ya mafuta ikapanda tena duniani, na taifa likaambiwa lifunge mkanda kwa miezi 18. Kwa wenye saa lilikuwa neno la kweli mara mbili. Mkanda uliooza kwa jasho la Dar es Salaam ulishonwa kwa fundi viatu, kwa kuwa mpya haukuwepo.

Ndipo kopo lilipopata heshima yake. Benki Kuu iligawa fedha za kigeni kwa kupima dawa, mafuta na vipuri vya viwanda. Saa haikuwa na nafasi ya kusimama kwenye foleni hiyo. Fundi akajifunza kuzika saa moja ili kufufua mbili. Kioo kilichopasuka kilichongwa kutoka plastiki nyingine. Mafuta ya saa yalipokosekana, wapo waliotumia mafuta ya cherehani, ambayo huganda mapema na kula ekseli. Hapa ndipo ubora ulipopotea hasa. Saa iliyotoka kwao ikiwa sahihi kwa sekunde chache kwa siku ilifikia kukosea dakika, na mwenyewe akaizoea. Alipoulizwa wakati, alijibu kwa kuongeza robo saa kichwani.

Saa za betri, ambazo zilikuwa zimeanza kuingia mikononi mwa mabaharia na waliosafiri, ziliteseka zaidi. Saa ya ufunguo ikikosa kipuri inaweza kusaidiwa. Saa ya betri isiyo na betri ni bangili.

Mwaka 1983 serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa, na bidhaa zilizofichwa zilitafutwa mpaka chini ya vitanda. Kulikuwa na walanguzi wa kweli, na kulikuwa na wenye maduka waliotupa bidhaa zao usiku kwa woga. Boksi la saa lina thamani kubwa na linatosha mfukoni, kwa hiyo lilifaa sana magendo, na kwa sababu hiyohiyo lilimtia mwenyewe hatiani kwa urahisi. Kitu kilichonunuliwa kwa kificho hakina risiti, hakina dhamana, na aliyeuziwa kibovu hana pa kulalamika. Msako uliokusudiwa kumlinda mnunuzi ulimwacha mnunuzi wa saa bila ushahidi kwamba amenunua chochote.

Ruksa

Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa bila kuulizwa sana zimetoka wapi. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Kariakoo, ambayo ilikuwa na jengo jipya la soko lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, ikaacha kuwa soko la mboga pekee. Ikawa bandari ya nchi kavu.

Saa zilirudi kwa mafuriko, lakini hazikuwa zilezile. Wakati sisi tukifunga mikanda, saa ya betri ya Japani ilikuwa imeivunja Uswisi: wafanyakazi wa saa waliokuwa takriban 90,000 mwaka 1970 walibaki karibu 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Mamia ya majina ya saa yalizimika, na kila jina lililozimika liliacha yatima mikononi mwa watu wa dunia nzima. Hong Kong ikawa mahali pa kuunganishia saa za bei nafuu kwa mamilioni, kisha China ilipofungua mji wa Shenzhen mwaka 1980 kwa wawekezaji, kazi ikavuka mpaka kufuata ujira mdogo. Mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti ukasambaratika. Aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Moscow na Poljot mkononi alikuwa amevaa saa ngumu, yenye vito 17, iliyotengenezwa kudumu. Miaka michache baadaye viwanda vikagawanywa, vikauzwa, vingine vikafungwa. Saa yake haikuharibika siku dola ilipoanguka. Ilikosa mama tu, na siku kamani ilipokatika ikaingia kopo.

Dubai ndiyo iliyokuwa njia ya miaka ya 1990. Mfanyabiashara alipanda ndege, akalala Deira, akarudi na maboksi. Casio F-91W, iliyotoka 1989, ilienea kila mahali: nyepesi, ya plastiki, betri yake ikidumu takriban miaka saba. Pamoja nayo zikaja nakala zake, ambazo kwa mbali huwezi kuzitofautisha na mama. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Kariakoo ililipa neno hilo miguu: machinga mwenye ubao wa saa kifuani, akitembea kutoka Msimbazi hadi Mtaa wa Kongo, kila saa ikionyesha wakati wake.

Mzigo wa Guangzhou

Kwenye milenia mpya safari ikasonga hadi Guangzhou. Anayetaka kuelewa ubora wa saa ya leo ni lazima ajue inavyoundwa huko. Mara nyingi anayeiuza hakuitengeneza, ameiunganisha. Bodi imetoka karakana moja, uso karakana ya pili, mkanda ya tatu, na mashine imenunuliwa kwa maelfu, labda Miyota ya kampuni ya Citizen ya Japani, labda nyingine nafuu yenye magurudumu ya plastiki. Nje haionekani. Nauli ikipanda, au mteja akikazana na bei, kinachobadilishwa ni kile kilicho ndani ya mfuniko.

Ndiyo maana fujo za sasa hushusha ubora kwa njia ya kimyakimya. Hong Kong ilipojaa maandamano 2019, mauzo ya saa za Uswisi kwenye mji huo, uliokuwa soko lao kubwa kuliko yote, yalishuka, lakini matajiri waliweza kusubiri tu. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ukafunga anga, na Aprili mwaka huo Waafrika kadhaa wa Guangzhou walifukuzwa kwenye nyumba walizopanga. Mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye zamani alishika saa mkononi, akaitikisa sikioni na kukataa, sasa aliagiza kwa picha kwenye simu. Picha haitikisiki. Mwishoni mwa 2023 meli zilianza kushambuliwa Bahari ya Shamu. Mzigo wa kutoka China kuja Dar es Salaam haupiti huko, lakini meli zilizolazimika kuzunguka Afrika zilishikilia makontena kwa muda mrefu zaidi, na nauli ikapanda hata kwa wasiohusika. Mtu anayelipia kontena zaidi huku mteja wake wa Kongo, Zambia au Malawi akitaka bei ya jana ana mahali pamoja tu pa kupunguza.

Hapa nyumbani nako soko halikutulia. Julai 2021 jengo la Amuli liliungua. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka wakilalamikia ukusanyaji wa kodi, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Mwezi Juni 2024 wakafunga tena. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, maandamano yalizuka, polisi wakatangaza watu wasionekane nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Jiji ambalo miaka yote lilichukulia wakati kama jambo la mazungumzo lilijikuta likitazama akrabu kwa hofu. Bila intaneti, oda ya Guangzhou ilikuwa simu isiyojibiwa. Fujo za Dar es Salaam ndizo sasa zilizokuwa fujo za ughaibuni kwa muunganishaji wa saa wa Guangdong.

Vyombo vya kumlinda mnunuzi vipo: Shirika la Viwango, TBS, na Tume ya Ushindani, FCC, ambayo hukamata na kuteketeza bidhaa bandia. Lakini hivyo hupima kinachoingia. Hakuna chombo kinachopima kama baada ya miaka kumi kipuri chake kitapatikana, na kwa saa hicho ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote.

Fundi wa mezani anakijua kipimo hicho bila maabara. Kopo lake, lililojazwa na Azimio, Kagera, Uswisi iliyoanguka na Moscow iliyovunjika, haliongezeki siku hizi. Saa mpya ikifa haiachi urithi: magurudumu ya plastiki yamegandishwa, mashine haifunguki, na kilichobaki ni kutupa na kununua nyingine. Yatima wa zamani walikuwa na mifupa ya kurithisha. Wa leo wanazikwa wazima.

Lakini leo ameletewa saa ya Kichina ya miaka ile ya mashine ya pamoja, imechubuka, mfuniko una kutu. Anaifungua, anavuta pumzi, anapekua kopo juu ya gazeti. Anachokitafuta anakipata kwenye saa ya kiwanda kingine kabisa, na kinaingia bila kusukumwa. Anaitia ufunguo, anaiweka sikioni, anasikiliza. Kisha anaomba simu ya mteja apate kurekebisha majira. Kipande kilichobaki hakitupi; anakirudisha kwenye kopo.